Tani nzima kubeba thumni ya mbu: kisa cha lori la CERN

Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba 2024, lori lilitoka kwa mwendo wa kinyonga kwenye jengo moja la CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichoko Meyrin, pembeni mwa jiji la Geneva. Mgongoni lilibeba mtambo wa tani moja hivi, ambao kuutoa ukumbini na kuupakia kulihitaji kreni mbili. Lilizunguka barabara za ndani ya kituo kwa karibu kilomita 4, kuna mahali likapita kidogo kasi ya kilomita 40 kwa saa, halafu likarudi lilikotoka. Shehena yake ilikuwa protoni 70, zile chembe ndogo zilizomo kwenye kiini cha kila atomu. Sabini kwa kuhesabu moja moja, kama mbuzi wanaporudi zizini. Ziliporudi zilikuwepo zote.

Hizo protoni zilikuwa zimeshika nafasi tu. Abiria aliyekusudiwa ni antiprotoni, pacha wa protoni aliye sawa naye kwa uzito lakini chaji yake ya umeme ni kinyume. Antiprotoni ikigusa protoni, zote mbili zinaangamizana na kugeuka nishati. Kwa hiyo huwezi kuiweka kwenye chupa, ndoo wala tangi, maana chombo chochote unachokijua kimejaa protoni. Protoni za kawaida zilifaa kwa jaribio la kwanza kwa sababu zikipotea hakuna aliyepata hasara, na zikifika salama umethibitisha kwamba mtego, yaani ule mtambo wa mgongoni, unaweza kuhimili matuta.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu ya sauti iliyozungushwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Bwana mmoja, kwa kujiamini sana, anasema gramu moja ya antimaada, yaani maada ya chembe za kinyume kama antiprotoni, ingetuondolea shida ya umeme, na kwamba wakubwa wa dunia wanaificha. Nusu ya kwanza ya maneno yake haiko mbali na hesabu. Nusu ya pili nayo inajibiwa na lori lile, kwa mtu atakayekubali kulitazama kwa makini: limebeba nini, linatumia nini na linakwenda wapi.

Tuanze na shehena. Chukulia zile chembe 70 zingekuwa antiprotoni kweli, na zote zikaangamizana njiani. Nishati yote ambayo ingetoka ni kama thumni ya ile aliyo nayo mbu mmoja anaporuka. Mbu mmoja, tena umgawe mara nane. Dereva hata asingehisi.

Ahadi yenyewe

Mwenye sauti ile hakukosea kuhusu ukubwa wa ahadi. Kila kilo ya maada, iwe jiwe, maji au unga wa sembe, imefungiwa nishati inayopatikana kwa kuzidisha uzito wake na kasi ya mwanga, kisha kuzidisha tena na kasi ya mwanga. Moto wa kuni au petroli hautoi hata sehemu moja ya bilioni ya nishati hiyo. Kupasua urani kwenye kinu cha nyuklia kunatoa pungufu ya sehemu moja ya elfu. Kuangamizana kwa maada na antimaada kunatoa yote. Hakuna njia nyingine ijulikanayo katika fizikia inayotoa zaidi ya hapo kwa uzito uleule.

Kwa tarakimu, gramu moja ya antimaada ikikutana na gramu moja ya maada, zinatoka kilowati-saa milioni 50. Kwa sisi tunaonunua umeme kwa tokeni, hizo ni uniti milioni 50 za LUKU. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mashine zake zote tisa zikizunguka kwa uwezo kamili wa megawati 2,115, lingehitaji saa 23 na nusu kutoa kiasi hicho. Gramu moja ni kama kifungo cha koti. Ukiwa na kifungo hicho mkononi una kazi ya siku nzima ya bwawa lile, na kazi hiyo ingeweza kutoka kwa kufumba na kufumbua. Kama bomu, gramu hiyo ni tani 43,000 za baruti ya TNT, karibu mara tatu ya lililoangushwa Hiroshima.

Wala si njozi za watunzi wa hadithi. Mwaka 1928 mwanafizikia Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni uliokuwa na majibu ya ziada ambayo mwanzoni yalionekana kama kasoro. Mwaka 1932 Carl Anderson akaona njia ya chembe moja ikipinda upande usiotarajiwa kwenye chumba chake cha mvuke: positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Antiprotoni ilisubiri hadi 1955, Berkeley, California, ulipopatikana mtambo wenye nguvu ya kuizalisha. Mwaka 1995 palepale CERN ziliundwa atomu kamili za kwanza za antihidrojeni. Zilikuwa tisa, zikikimbia karibu na kasi ya mwanga, na hakuna hata moja iliyodumu kiasi cha kuchunguzwa.

Kwa hiyo ipo, na inatengenezwa. Swali ni inatengenezwa kwa bei gani.

Ndani ya kiwanda

Jengo ambalo lori lile lilitoka linaitwa Kiwanda cha Antimaada. Ukitaka kuelewa kwa nini hakuna kampuni ya umeme inayopiga hodi pale, ufuate mzunguko mmoja tu wa kazi yake. Unachukua kama dakika mbili.

Mtambo wa jirani, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 1959, unakusanya protoni trilioni 15 hivi, unazichapua mpaka karibu kabisa na kasi ya mwanga, kisha unazigongesha kwenye kijiti cha madini mazito ya iridiamu. Pale zinapogonga, sehemu ndogo ya nishati ya mgongano inageuka kuwa chembe mpya. Nyingi ni takataka kwa kazi hii. Chache ni antiprotoni, ambazo zinatoka zikiwa na kasi ya asilimia 96 ya mwanga, zimetawanyika kila upande kama punje za mahindi kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Sumaku zinadaka zile zilizoelekea upande unaofaa na kuziingiza kwenye pete yenye mzingo wa mita 182. Kazi ya pete hiyo ni kinyume cha pete nyingine nyingi za CERN, maana yenyewe inapunguza kasi. Baadaye zinaingia pete nyingine ndogo ya mita 30, iitwayo ELENA, zikapunguzwa tena. Mwisho wa yote, katika protoni trilioni 15 zilizotumwa, antiprotoni zilizodakwa ni kama milioni 30. Yaani katika kila protoni laki tano, antiprotoni moja.

Sasa tuhesabu kwa nishati. Zile protoni trilioni 15 zilikuwa zimebeba nishati ya kutosha kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Zile antiprotoni milioni 30, ukiziangamiza zote bila kupoteza hata moja, zinatoa nishati ya kuinua kile kifungo cha koti kutoka sakafuni mpaka juu ya meza. Umechemsha chai, umepata kuinua kifungo. Ni kama kuweka shilingi milioni saba na kutoa shilingi moja.

Tena hapo nimehesabu nishati iliyomo ndani ya mkondo wa protoni peke yake. Umeme wa sumaku, pampu, mitambo ya kupoza na taa za ukumbini haumo. Ukiuingiza wote, hali inakuwa mbaya zaidi sana.

Kwa muda je? Gramu moja ya antiprotoni ina chembe kama 600,000,000,000,000,000,000,000. Kwa milioni 30 kila dakika mbili hivi, kiwanda kingehitaji miaka bilioni 70. Ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8. Na kama kiwanda kingefanya kazi siku 200 mfululizo katika mwaka mmoja, usiku na mchana, mavuno ya msimu mzima yasingeijaza betri ya simu ya kawaida hata asilimia tatu.

Marekani walikuwa na kiwanda kikubwa zaidi. Fermilab, karibu na Chicago, walizalisha antiprotoni kwa ajili ya mtambo wao wa Tevatron mpaka ulipozimwa mwaka 2011. Jumla ya kazi yao ya miaka yote inakadiriwa kuwa nanogramu 15, yaani sehemu 15 za bilioni ya gramu. CERN kwa upande wao wako kwenye nanogramu moja hivi. Ongeza positroni zilizotengenezwa Hamburg, Ujerumani, nanogramu mbili kwa makadirio. Changanya zote kwenye kapu moja, uziangamize kwa ustadi usiopoteza kitu, utapata kama kilowati-saa 0.9.

Uniti moja ya LUKU haijatimia. Ndiyo jumla ya makapu hayo matatu. Dizeli inayojaa kikombe cha kahawa cha barazani ina nishati kama hiyohiyo, na wala huhitaji kujenga pete ya mita 182 kuipata.

Mkaa na betri

Mtu anaweza kusema, na ni haki yake, kwamba CERN haikujengwa kuzalisha nishati. Ni kweli. Wale jamaa wanataka antiprotoni chache zilizotulia, si nyingi kwa bei nafuu. Mtambo uliobuniwa kwa wingi ungeweza kuwa bora mara maelfu. Niko tayari kumkubalia mtetezi wa antimaada mara elfu, hata mara laki, bila ubishi. Bado yuko mbali, lakini acha tumkubalie.

Hata tukimkubalia yote, tatizo halijaguswa. Antiprotoni haizaliwi peke yake. Kila moja huzaliwa na protoni mwenzake. Ili uipate lazima ulipie nishati ya wote wawili. Utakapoiangamiza, unarudishiwa nishati ya wawili. Kwa hiyo kiwanda kamilifu kabisa, kisichovuja hata chembe, kingekurudishia kile ulichoweka. Faida haiwezi kupatikana, na hii ni sheria ya msingi ya fizikia ambayo uhandisi hauna la kuifanya.

Mkaa unatupa faida kwa sababu jua lililipa gharama miaka mingi kabla mti haujakatwa. Petroli tumeikuta ardhini. Urani ilipikwa na nyota zilizokufa kabla dunia haijaumbwa, sisi kazi yetu ni kuchimba. Antimaada hakuna aliyetutangulia kuitengeneza na kuiacha mahali. Hakuna mgodi wake. Kwa hiyo kuiita chanzo cha nishati ni kosa la jina. Ni betri, tena betri inayopoteza karibu kila kitu wakati wa kuchaji. Umeme wa kuichaji lazima utoke kwingine: kwenye maji, upepo, gesi, nyuklia. Na ukishakuwa na umeme huo, mtu mwenye akili timamu angeuuza moja kwa moja.

Sisemi kwamba asili haina antimaada kabisa. Tarehe 14 Desemba 2009 darubini ya anga ya Fermi ilikuwa inapita juu ya Misri ilipopigwa na mkondo wa chembe, zikiwemo positroni. Chembe zilitoka kwenye mvua ya radi iliyokuwa ikinyesha Zambia, karibu kilomita 4,500 mbali, zikapanda zikifuata uga wa sumaku wa dunia mpaka zikaikuta darubini. Radi za kwetu zinatengeneza antimaada, na inapotea kabla hujamaliza kusema jina lake. Ndizi nayo ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni ya mionzi, kiasi kwamba ndizi moja inatoa positroni moja kwa saa moja hadi mbili hivi. Mkungu mzima wa Bukoba ni chanzo cha antimaada, kwa maana hiyo. Mwaka 2011 chombo cha PAMELA kiliripoti antiprotoni zilizonaswa kwenye ukanda wa mionzi unaoizunguka dunia. Ni ugunduzi mzuri. Zote hizo ni vumbi, na gharama ya kwenda kulizoa ingezidi thamani yake mara nyingi mno.

Kwa nini hakuna mgodi ndilo swali hasa linalowaweka watu wa CERN macho. Hesabu zinasema mwanzoni mwa ulimwengu maada na antimaada zilitokea sawa kwa sawa. Zingeangamizana zote, pasibaki nyota wala mtu. Kumbe maada ilibaki kidogo, na hiyo kidogo ndiyo sisi. Kikundi cha BASE, wenye lile lori, wanapima protoni na antiprotoni wakitafuta tofauti yoyote kati yao. Mwaka 2022 walitangaza kwamba uwiano wa chaji na uzito wa hizo mbili unalingana kwa usahihi wa sehemu 16 katika trilioni. Hawakuona tofauti.

Kuanzia hapo wakakwama kwa kikwazo cha ajabu kidogo, ambacho ni kiwanda chenyewe. Sumaku za mitambo ya jirani zinapowashwa na kuzimwa, uga wa sumaku ukumbini unatikisika, nao ndio mizani yao. Ni sawa na kupima dhahabu juu ya meza ambayo upande wa pili mtu anatwanga. Ndiyo maana wanataka kuzihamisha antiprotoni ziende mahali pa utulivu, kama vile maabara ya Chuo Kikuu cha Heinrich Heine, Düsseldorf. Lori halikuwa jaribio la usafirishaji wa mafuta ya kesho. Lilikuwa safari ya kutafuta ukimya.

Mtego, na kwa nini haukui

Chombo cha kubebea kinaitwa mtego wa Penning. Sumaku yenye nguvu inazizuia chembe zisikimbilie pembeni. Umeme kwenye pete za chuma zilizopangwa kama vikombe visivyo na matako unazizuia zisitoroke kwa mbele wala kwa nyuma. Chembe inaelea katikati, haigusi kitu. Waya wa sumaku lazima upozwe kwa heliamu ya kimiminika, kama nyuzi 269 chini ya sifuri, ili umeme upite bila ukinzani. Ndani hewa imenyonywa mpaka limebaki ombwe ambalo antiprotoni inaweza kukaa miezi bila kukutana na chembe ya hewa ya kuiangamiza. BASE waliwahi kuzihifadhi antiprotoni kwa siku 405, kuanzia Novemba 2015 hadi Desemba 2016. Hapo napenda kuwapa heko yao kamili, maana ni moja ya kazi safi kabisa za mikono ya watu.

Lakini zilikuwa chache, na uchache huo ndio siri. Antiprotoni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana. Chache zinavumiliana. Ukitaka kukusanya mikrogramu moja, sehemu ya milioni ya gramu, ukaibana ndani ya tufe lenye ukubwa wa tikiti maji dogo, msukumo wake unafikia volti bilioni nane na zaidi. Mtego hauna umeme wa kukabili hilo, wala hakuna waya au kizio duniani kinachoweza. Na mikrogramu ni uniti 50 za LUKU, umeme wa nyumba ya kawaida kwa mwezi.

Njia ya kukwepa ni kuunganisha antiprotoni na positroni upate antihidrojeni, ambayo haina chaji. Sasa hazisukumani, ila na wewe umepoteza mpini wa kuzishikia. Kinachobaki ni usumaku hafifu wa atomu, ambao unaweza kushika zile tu zenye baridi ya chini ya nusu nyuzi kutoka sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Kikundi cha ALPHA, nacho cha CERN, kilinasa atomu 38 mwaka 2010. Mwaka uliofuata wakafanikiwa kuzishikilia kwa sekunde 1,000. Mwaka 2023 wakaonyesha kwamba zikiachiwa zinaanguka chini kama kitu kingine chochote, jambo ambalo wengi walilitarajia lakini hakuna aliyekuwa amelipima. Mavuno yao yamekuwa yakikua. Bado tunahesabu kwa vichwa.

Tuseme umezipata na umezihifadhi. Kuzichoma nako kuna kasoro yake, na sijui kwa nini haisemwi mara nyingi. Watu wanafikiri maada na antimaada zikikutana unapata joto safi. Antiprotoni ikikutana na protoni zinazaliwa kwanza chembe ziitwazo payoni, kama tano kwa wastani. Zisizo na chaji zinageuka papo hapo kuwa miale mikali ya gamma, inayopenya kuta na kuhitaji ngao nene. Zenye chaji zikiachwa zitoroke zinavunjika, na sehemu kubwa ya nishati yao inaondoka na neutrino, chembe zinazopita katikati ya dunia nzima bila kugusa kitu. Kwa jumla karibu nusu ya nishati inaweza kupotea kwa njia hiyo. Bwawa letu la siku moja limeshakuwa la nusu siku kabla hatujafunga hata bomba la kwanza la mvuke.

Mahali ambapo hoja ya antimaada ina uzito kidogo ni kwenye safari za anga. Huko tatizo ni uzito, wala si bei ya uniti, na mtu yuko tayari kulipa umeme mwingi duniani ili abebe mafuta machache angani. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichora chombo ambacho antiprotoni zake zingekuwa kama kiberiti tu, za kuwasha miitikio ya nyuklia kwenye vidonge vidogo vya mafuta. Makadirio yao yalikuwa ya nanogramu. Hapo mtu anaweza kuota bila kuchekwa. Lakini hata nanogramu mia moja ni mara nyingi ya vyote vilivyowahi kutengenezwa, na zingetakiwa zikae pamoja kwenye mtego mmoja.

Wakati hayo yakiendelea, antimaada inafanya kazi kila siku hospitalini na hakuna anayeipigia tarumbeta. Mgonjwa anadungwa sukari iliyowekewa florini ya mionzi, ambayo nusu yake inaisha kila dakika 110. Uvimbe wa saratani una njaa ya sukari, unaikusanya. Florini inatoa positroni, positroni inakutana na elektroni ndani ya milimita chache za nyama, zinaangamizana, na miale miwili ya gamma inatoka kwa kupishana mgongo. Mashine inaidaka na kuchora ramani ya ulipo ugonjwa. Hiyo ndiyo PET. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ina saiklotroni yake, mtambo wa kuchapua chembe, ya kuzalisha dawa hiyo, kwa sababu ukiiagiza mbali inakuishia njiani. Angalia ilivyofanikiwa: haihifadhi antimaada hata kidogo. Positroni inazaliwa pale pale inapotakiwa kufa. Matatizo yote ya mtego yameachwa nje ya mlango.

Turudi kwa lori. Katika jaribio lile la Oktoba mtambo ulijitegemea bila umeme wa nje kwa muda wa saa nne. Kutoka Geneva hadi Düsseldorf kwa barabara ni saa nane, kama hakuna foleni. Muda wote huo sumaku lazima ibaki chini ya nyuzi 8.2 kutoka sifuri halisi. Ikipanda juu ya hapo uga wa sumaku unakufa, na abiria wote wanagonga ukuta. Na wakifika, bado kuna kazi ya kuwahamisha kutoka mtego wa safari kwenda mtego wa kudumu bila kumpoteza hata mmoja, hatua ambayo wahusika wenyewe wanaiona kuwa ngumu. Kuhusu hizo saa nne zilizopungua, suluhisho wanalolipanga kila mtu wa kwetu analijua kwa sauti yake: watapakia jenereta kwenye lori.